Konokono Wanaolima Mwani: Siku Saba Pwani ya Cape

Jumatano, Sea Point

Ndege imetua saa nane mchana, na kufika saa kumi nimeshavua viatu ufukweni. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye huu ni mwaka wake wa tisa Cape Town, alitaka kwanza nile, nioge, nilale. Nikamwambia usingizi upo hata Jambiani. Mimi nimekuja kuangalia mwani, na wanaoishi ndani yake.

Mama yangu analima mwani tangu ile mbegu ya Ufilipino ilipoanza kupandwa Unguja mwaka 1989. Kwa hiyo mwani ninaoujua mimi ni kitu cha kufunga kwa taitai kwenye kamba, kichaka kinachoenea kwenye viganja viwili. Huu niliokuta umetupwa na mawimbi Sea Point si ndugu yake hata wa kufikia. Bua moja nililipima kwa hatua nikafika saba. Chini ni jembamba kama fimbo, juu limevimba kama kibuyu, na kileleni lina majani marefu yanayoteleza kama mlenda. Nililigonga likalia utupu. Ndani mna hewa, na hewa hiyo ndiyo inayolisimamisha majini kama mnazi. Wenyeji wanauita mwanzi wa bahari, na jina lake la kitaalamu ni Ecklonia maxima. Hurefuka hadi mita kumi na kupita. Chini umeng'ang'ania jiwe kwa kitu kinachofanana na mizizi ila hakinyonyi maji wala chakula. Kazi yake ni kushika tu.

Harufu yake ukiianika juani ni ileile ya nyuma ya nyumba yetu. Nilicheka peke yangu.

Dereva aliyeturudisha ni mtu wa Bukavu. Aliposikia nitaingia majini alinitazama kwenye kioo muda mrefu kuliko inavyofaa barabarani. "Mama, maji ya huku haiko kama ya Kivu. Iko baridi mpaka kwa mifupa."

Alhamisi, Kalk Bay

Mwezi umeandama jana, kwa hiyo leo ni bamvua. Kwetu bamvua ikitulia maji hukimbia mpaka unaona bahari nzima imehamia kwenye mwamba, maana tofauti ya kujaa na kupwa inafika kama mita nne. Hapa hata mbili hazitimii. Lakini saa hazipishani sana: maji yamekupwa kabisa saa nne asubuhi ya huku, saa tano ya kwetu, na nilijua mama naye yuko kwenye kamba zake muda huo, ameinama.

Nimeinama na mimi. Mpaka wa chini kabisa wa mwamba, pale ambapo bamvua tu ndiyo hupafunua, umejaa konokono wenye gamba lisilojisokota, limekaa kama kofia iliyobandikwa jiwe. Nitamwita konokono kofia. Mmoja wao gamba lake lina umbo la kijiko cha chai: upande mmoja mwembamba, mwingine mpana. Wamekaa bega kwa bega, lakini hawagusani. Kati yao jiwe ni la waridi, limepakwa ganda gumu la mwani wa aina ya chokaa, tupu, kama uwanja uliofagiliwa. Kisha, kuzunguka kila gamba, kuna ukanda wa mwani mwekundu, mwororo kama nywele za mtoto mchanga, upana wake haufiki hata wa kidole. Nilitoa kioo cha kukuzia nikalala kifudifudi kabisa, wapita njia wakidhani nimezimia.

Ule ukanda ni shamba. Konokono hula ukingo wake kidogo kidogo, hamalizi, na jirani akivuka mpaka anasukumwa. Kila mmoja ana kiwanja chake na kila siku yuko palepale, gamba lake limekua kwa kufuata mashimo na mabonde ya jiwe lake hata likakosa kutosha kwingine. Juu ya migongo ya wakubwa kuna wadogo wamepanda, magamba kama ukucha, wanaishi humo kwa sababu chini hakuna nafasi iliyobaki. Nilihesabu mmoja akiwa na sita. Profesa George Branch wa Chuo Kikuu cha Cape Town alitumia miaka mingi, kuanzia miaka ya 1970, akiwachunguza hawa na jamaa zao. Kuna mwingine mwenye miiba mirefu kama nyota, huyu analima mwani mwingine kabisa, mweusi, uliolala kama rangi juu ya jiwe, na mgeni akiingia shambani mwake humsukuma kwa gamba mpaka atoke.

Jioni nimempigia mama. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za kila jirani, nikamweleza.

"Hao konokono nao wanalima?"

"Wanalima, mama."

"Kamba zao wanafunga wapi?"

"Hawana kamba. Wamekalia shamba lenyewe."

Akanyamaza kidogo. "Basi tasi hawawasumbui," akasema. Kwetu tasi ndio adui, wanakula mwani ukiwa bado mchanga.

Ijumaa, Kommetjie

Upande wa pili wa rasi, bahari ya Atlantiki. Mawimbi hapa hayana adabu, nikakaa mbali na ukingo kwa kuwa sikuja kufa. Mwani umesimama karibu na ufuko kiasi kwamba vichwa vyake vinaonekana vinainuka na kuzama, vyeusi, kama watu wengi wanaoogelea bila kwenda popote.

Nilichokifuata nimekiona kwa dakika kumi tu, kati ya wimbi na wimbi. Konokono kofia wakubwa, warefu kuelekea juu kama pia iliyofunikwa, wanaoitwa kwa jina la Argenville. Palipo na mawimbi makali hujibana mamia kwa mita moja ya mraba, na swali la kwanza la mtoto yeyote wa mkulima ni hili: wote hao wanakula nini, mbona jiwe ni tupu? Jibu ni kwamba hawalimi. Wanategea. Wimbi likileta jani la mwani mkubwa, konokono huwa ameinua gamba, kisha analibamiza juu ya jani na kulikandamiza. Jirani naye anakandamiza. Jani likishanaswa na wengi halichomoki tena, na wanalitafuna taratibu. Mmoja peke yake angepokonywa na wimbi linalofuata. Niliona jani moja limekamatwa na wanane hivi, ncha yake ikipigapiga hewani kama kanga kwenye kamba.

Maji yalinifika magotini mara moja. Dereva wa Bukavu alikuwa na haki.

Jumamosi, ndani

Upepo. Unatoka kusini-mashariki, unashuka mlimani na wingu jeupe limetandazwa juu ya Table Mountain. Dada ameokota nguo zake kwa jirani. Mimi nauita kusi, ingawa kusi letu ni la katikati ya mwaka na hili ni la Februari, kiangazi chao. Kinachonishangaza ni kazi yake. Unavuma sambamba na pwani ya magharibi, na kwa jinsi dunia inavyozunguka, maji ya juu yanasukumwa kwenda nje, mbali na nchi. Nafasi yake inajazwa na maji ya chini, baridi, yenye mbolea ya kila kilichokufa na kuzama. Ndiyo maana mwani huu ni mnene hivi. Pia ndiyo maana hapa watu wanaota jua la nyuzi 30 mbele ya bahari isiyoingilika.

Kwa kuwa nimefungiwa, niandike kisa nilichokuwa nakijua kabla ya kuja, maana sitafika kilipotokea. Kama kilomita mia kaskazini mwa hapa, mdomoni mwa ghuba ya Saldanha, kuna visiwa viwili, Malgas na Marcus, umbali wa kilomita nne tu. Chini ya maji Malgas kulijaa kamba koche, na wamekula kila kitu mpaka mwani umeachiwa uote. Marcus hakukuwa na kamba koche hata mmoja, kulikuwa na kome weusi na konokono walao nyama. Mwaka 1988 Amos Barkai na Christopher McQuaid walichapisha matokeo ya jaribio: walichukua kamba koche 1000 wa Malgas, wakawatia alama, wakawamwaga Marcus. Ungetarajia sherehe, chakula tele kisicho na mwenyewe. Konokono wakawapanda. Mmoja mmoja, kisha kwa makumi, mpaka kamba koche alilemewa na uzito asiweze kuruka, halafu wakamla akiwa hai. Baada ya wiki hakubaki hata mmoja. Konokono hao wengi wamevaa juu ya gamba koti la viumbe vidogo sana ambavyo kamba koche havimpendezi, kwa hiyo hata yule aliyetaka kuanza kuwala hakuanza.

Nimesoma kisa hiki mara tano, na kila mara nawashangilia konokono. Sijui hilo linasema nini kunihusu.

Jumapili, Oudekraal

Kusi limelala usiku. Kiongozi wetu, kijana mpole mwenye ndevu za chumvi, akasema leo maji yatakuwa meupe kama kioo na baridi kama mshahara. Hiyo ya mshahara nimeiongeza mimi. Kipimo chake kikasoma nyuzi 11.

Nguo ya kuzamia ni mpira mnene wa milimita saba, na kuivaa ni mieleka. Nilijifunga na mtandio mwembamba wa mpira kichwani, nikavaa glavu, nikajiona nimekuwa sili. Maji ya kwanza yaliyopenya mgongoni yalinitoa sauti ambayo dada, aliyekaa juu ya jiwe na thermosi ya chai, ameapa ataisimulia harusini kwa mwanangu. Paji la uso liliuma kama nimepigwa. Baada ya dakika tano likafa ganzi, nikaanza kuona.

Juu ni dari ya majani, rangi ya asali, na jua linapita katikati yake kwa mikanda inayocheza. Mabua yanashuka wima kuelekea kiza, yote yanayumba pamoja kwenda, yote pamoja kurudi, na wewe unayumba nayo hata usijue nani anakwenda. Nilishika bua moja ili nitulie, na kidole gumba changu kikagusa kitu kigumu.

Huyu ndiye niliyemfuata kutoka Unguja. Konokono kofia anayeishi juu ya bua la mwani mkubwa na hasa hapo tu, Cymbula compressa. Gamba lake limebanwa ubavuni, refu kama mtumbwi, na ukingo wake wa chini haujanyooka: umejipinda kama tandiko la punda, ukakumbatia duara la bua bila kuacha upenyo hata wa wembe. Ukilikuta gamba lake tupu ukaliweka mezani linapepesuka, halina pa kutulia. Nililipapasa kwa glavu. Lilikuwa na mistari myembamba kama ya ukucha wa mzee, na mwani mwekundu mdogo umeota mgongoni. Bua lilikuwa nene kama kifundo cha mkono wangu, na mpangaji alikuwa mmoja tu. Bua la pili, mmoja. La tatu, hakuna. La nne, mmoja. Kiongozi alinieleza baadaye kwamba ndivyo ilivyo kwa kawaida, mkubwa mmoja kwa bua moja, hataki mwenzake. Anakula nyumba yake na vinavyoota juu yake, na dhoruba ikiing'oa nyumba, anakwenda nayo.

Chini, kama mita nne, kiongozi alinionyesha ufa. Nikavuta pumzi nikazama, masikio yakilia. Ndani ya ufa pweza mdogo alikuwa amejifungia na maganda mlangoni, desturi ileile ya pweza wetu. Pembeni yake, limejificha chini ya mwani wa waridi, gamba kubwa kama sahani ya kahawa, lenye mawimbi ya mabonde na safu ya matundu upande mmoja. Kutoka ukingoni kulichungulia vipapasio vyeusi, vingi, kama kope. Perlemoen. Ulimwenguni konokono huyu wanamjua zaidi kwa jina la abaloni, lakini hapa jina ni hilo la Kiafrikana, nalo asili yake ni lulu ya ndani ya gamba. Nilimwona kwa muda wa pumzi moja. Mguu wake ulikuwa umekalia kipande cha jani.

Nimetetemeka mpaka saa kumi jioni.

Jumatatu, Betty's Bay

Barabara ya pwani inayopita Gordon's Bay kwenda mashariki, mlima mkono wa kushoto, bahari mkono wa kulia, chini kabisa. Betty's Bay watalii huja kuangalia pengwini wa Stony Point. Nimewaangalia, wananuka, nikaenda kwenye miamba.

Mvuvi mmoja mtu mzima, ambaye sitamtaja, alikaa nami ukutani tukala samaki na chipsi. Aliniambia zamani hapa bamvua ikitoka ungeweza kumfikia perlemoen bila kulowa mabega. Sasa nenda ukatafute. Alihesabu sababu kwa vidole vyenye mafuta. Kidole cha kwanza: mwanzoni mwa miaka ya 1990 kamba koche walihamia upande huu, mashariki ya Cape Hangklip, kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana. Wakala wale duara wenye miiba kama shokishoki wanaotambaa mwambani. Wachanga wa perlemoen, wakiwa wadogo kama punje ya dengu na kupita, hujificha chini ya miiba hiyo. Mwavuli ulipoliwa, watoto wakabaki nje.

Kidole cha pili alikikunja bila kukitaja, akatazama bahari. Kila mtu hapa anajua. Ni magendo. Nyama ya perlemoen ikikaushwa inasafirishwa, sehemu kubwa kupitia Hong Kong, na huku magenge mara nyingi hulipana kwa madawa ya kulevya badala ya fedha. Shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, lilikadiria kwamba kati ya mwaka 2000 na 2016 waliibwa perlemoen milioni 96. Serikali iliwafungia wavuvi wa kujifurahisha mwaka 2003, mwaka 2008 ikafunga hata uvuvi wa biashara, ikaufungua tena 2010 kwa kiasi kidogo. Wenye kuumia na sheria, mzee alisema, ni wale waliokuwa wanachukua watatu wa kitoweo.

Nikamuuliza mtu anahitaji muda gani kumtoa mwambani. Akachukua kisu cha chipsi, akakiingiza chini ya sahani ya karatasi, akapindua. "Hivyo." Ukimchelewesha anabana, na hapo huwezi tena. Ukimkata kwa bahati mbaya ukamrudisha kwa sababu hajafika kipimo, sentimita 11.4 upana wa gamba, ni kazi bure: damu yake haigandi, anavuja mpaka anakufa. Na huyo asiyefika kipimo ana umri gani? Perlemoen huchukua miaka saba, minane, kabla hajaweza kuzaa. Hata kuzaa kwenyewe ni kumwaga mbegu majini kupitia yale matundu, dume na jike, wakitarajia zikutane. Wakibaki wachache wakakaa mbalimbali, zinamwagika bure.

Nilimtajia mzee pango la Blombos, mashariki zaidi ya hapo, ambako mwaka 2008 walichimbua magamba mawili ya perlemoen yaliyotumika kama vyungu vya rangi: udongo mwekundu uliosagwa, mifupa, mkaa. Yana umri wa miaka 100,000. Akauliza kama yale magamba yalikuwa makubwa. Sikuweza kumjibu, na nikaona hilo ndilo swali la mvuvi.

Jumanne, Hermanus

Shamba la perlemoen. Sikuwa na hamu nalo, nilidhani nitaona kiwanda, na kweli ni kiwanda: pampu zinavuta bahari saa zote, matangi meusi safu kwa safu chini ya vivuli, mabomba, watu wenye mabuti. Kelele ya maji huwezi kuongea.

Walitufungulia tangi la wachanga. Mabamba ya plastiki yamesimamishwa kama vitabu kwenye rafu, na juu ya bamba, ukitazama kwa karibu sana, vitone vyenye rangi ya kijani na wekundu, kila kimoja kikiwa na gamba kamili, na safu ya matundu imeshaanza. Mwenye kutuongoza, dada mchangamfu wa Kixhosa, alisema mpaka wauzwe ni miaka minne, mitano. Nilimwambia mwani wetu ni wiki sita. Akaniuliza kama tunaajiri.

Kisha likaja trekta na mwani. Ni uleule mwanzi wa bahari, umevunwa asubuhi, bado unachuruzika. Wafanyakazi wakaushusha kwa mikono na kuukatakata, na mikono yao nikaitambua, ile ngozi iliyofyonzwa na chumvi mpaka ikawa nyeupe kwenye mikunjo. Mama anayo hiyo. Wakatupa majani ndani ya matangi ya wakubwa. Mara ya kwanza hakuna kilichotokea. Halafu, pembeni, mmoja akajiinua nusu mwili, ule mguu mpana umesimama kama kiganja, vipapasio vinatafuta. Jani likapita. Akalikalia. Mwingine akainuka.

Tulipewa kuonja, kipande kimoja kila mtu, siagi na kitunguu saumu. Kwanza walimponda kwa nyundo ya mbao, kama tunavyompiga pweza jiweni, maana bila hivyo ni soli ya kiatu. Utamu wake uko karibu na ngisi, lakini una kitu cha ziada nyuma ya ulimi, na nilipotafuna nikakijua: ni mwani.

Nimempelekea mama picha ya tangi. Amejibu kwa sauti, nyuma yake nasikia upepo na mtu anaburura kamba mchangani. Ameuliza kilo moja ya mwani wananunuliwa kwa bei gani huko.